Mtoto Ambaye Baba Hajamtambua: Percy Jackson, Perseus na Mwindo

Utangulizi

Katika vitabu vidogo vya chama chetu tumezoea kuandika juu ya mahari, matanga, majina ya watoto, ngoma na mezali za wazee. Leo ninaomba ruhusa niseme juu ya kitabu cha mbali: hadisi za kijana wa Marekani anayeitwa Percy Jackson, zilizoandikwa na Rick Riordan. Msomaji atauliza: hii inahusu mila zetu kwa njia gani? Ninamwomba avumilie kidogo, ataona.

Neno lilianza hivi. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wa kalasi ya nane, alikuja shuleni na kitabu mkononi. Kilikuwa kimechoka, jalada limefungwa na skochi, unaona kwamba kimepita kwa watoto wengi. Kilikuwa buku la kwanza, kwa Kifaransa, Le Voleur de foudre, maana yake Mwizi wa Radi. Akaniambia: “Mwalimu, mutoto wangu analala na hiki kitabu. Ndani yake muko miungu tu: Zeus, Poseidon, sijui nani. Siye tuliachana na mizimu ya babu zetu, na sasa munatuletea mizimu ya wazungu?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimekisoma. Nikamwomba anipe majuma mawili. Nikasoma hicho, kisha nikatafuta mengine manne yanayofuata, majuma mawili yakawa miezi miwili. Haya ninayoandika ni jibu langu kwake, na kwa walimu wenzangu ambao watakutana na ulizo kama hilo.

1. Mwandishi na kisa chake

Rick Riordan ni mtu wa kazi yetu. Mbele ya kujulikana kama mwandishi wa watoto, alifundisha Kiingereza na historia katika shule za San Francisco na za San Antonio, mji wa jimbo la Texas. Mtoto wake Haley alikuwa na shida mbili: herufi zilimchanganya wakati wa kusoma (waganga wa hospitali wanaita shida hiyo disleksia), na kutulia mahali pamoja kulimshinda. Lakini alipenda hadisi za Wagiriki wa zamani, na usiku alimwomba baba yake amsimulie. Siku moja hadisi zikaisha. Mtoto akaomba baba atunge nyingine mpya. Baba akatunga habari za kijana wa siku hizi, mwenye shida zilezile za Haley, ambaye kumbe ni mtoto wa mungu wa Wagiriki. Buku la kwanza likatoka mwaka 2005, la tano mwaka 2009. Sinema mbili zikafuata, mwaka 2010 na mwaka 2013, na tangu Desemba 2023 kampuni ya Disney inaonyesha hadisi hiyo kwa vipindi.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Percy ana miaka 12. Anafukuzwa shule moja, anaingia nyingine, anafukuzwa tena. Anaishi New York na mama yake, Sally, pamoja na mume wa mama, Gabe, mtu wa karata na bia, ambaye anakula pesa ya mke na kumpiga kwa siri. Baba mzazi haonekani. Mtoto ameambiwa tu kwamba alipotelea baharini. Siku moja mwalimu wa hesabu anageuka zimwi mbele ya macho yake. Mwalimu wa Kilatini, mtu wa kiti cha magurudumu, kumbe ni Chiron, nusu mtu na nusu farasi, yule ambaye hadisi za kale zinasema alilea mashujaa. Percy anapelekwa kwenye kambi ya watoto ambao mzazi mmoja ni mungu na mwingine ni binadamu. Huko anajua kwamba baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Silaha ya radi ya Zeus imeibwa, na anayeshutumiwa ni yeye. Ana siku 10 tu za kuirudisha, la sivyo miungu itapigana vita. Anaondoka na Annabeth, binti wa Athena, na Grover, nusu mtu na nusu mbuzi. Wanavuka inchi yote ya Marekani mpaka Los Angeles, mahali mlango wa kuzimu uko.

Hapo kuna kitu kimoja ambacho mwalimu hawezi kukosa kukisifu. Kambini Percy anaambiwa kwamba herufi zinamchanganya kwa sababu akili yake imeumbwa kwa kusoma Kigiriki cha kale, na kwamba hatulii kwa sababu mwili wake ni wa mpiganaji. Waganga hawatakubali maelezo hayo, na si lazima wakubali. Lakini fikiri mtoto ambaye tangu kalasi ya kwanza anaitwa kichwa kigumu, ambaye kila mwisho wa mwaka analeta buletini nyekundu nyumbani, akasoma ukurasa huo. Nimekuwa na wanafunzi wa namna hiyo. Wengine nimewaita vibaya mimi mwenyewe, wakati nilikuwa kijana na sikujua kitu. Mwalimu Riordan aliandika ukurasa huo kwa ajili ya mtoto wake, na unaonekana.

2. Sanduku ndani ya bahari

Jina Percy ni kifupi cha Perseus. Ili kujua Riordan amefanya nini, lazima tukumbuke Perseus wa Wagiriki alikuwa nani.

Mfalme Akrisios wa Argos aliambiwa na mtabiri kwamba mjukuu wake atamuua. Akafunga binti yake Danaë ili asizae. Zeus akamfikia binti kwa namna ya mvua ya dhahabu, akazaa Perseus. Mfalme akaogopa kumwaga damu ya ukoo wake, basi akawatia mama na mtoto ndani ya sanduku, akalitupa baharini. Sanduku likafika kisiwa cha Seriphos, mvuvi mmoja akawaokoa. Mtoto akakua. Lakini mfalme wa kisiwa hicho, Polydektes, akamtaka mama yake kwa nguvu. Ili amwondoe kijana, akamtuma kuleta kichwa cha Medusa, mwanamke mwenye nywele za nyoka, ambaye kila anayemtazama anageuka jiwe. Perseus akakileta, akamwonyesha Polydektes, naye akawa jiwe. Nyuma ya hayo, siku ya michezo, akatupa kisahani cha chuma, kikaenda kumpiga Akrisios. Neno la mtabiri likatimia bila mtu kulitaka.

Tazama sasa namna Riordan ameshona. Sally ni Danaë: mama peke yake na mtoto, mbele ya dunia inayowatupa. Gabe ni Polydektes: mwanaume mbaya ndani ya nyumba. Kichwa cha Medusa kipo pia, kwa sababu Percy anakikata njiani. Lakini mwisho umebadilika. Kwa Wagiriki, mtoto ndiye anayemgeuza Polydektes jiwe, mama anaokolewa tu. Kwa Riordan, Percy anaacha sanduku lenye kichwa ndani ya nyumba, na mama ndiye anaamua. Gabe anapotea, na Sally anauza sanamu moja ya mtu anayecheza karata. Kwa pesa hiyo analipa masomo yake.

Wanafunzi wanacheka sana hapo. Mimi pia nilicheka, kisha nikafikiri. Mtu anaweza kusema kwamba mwandishi ameharibu hadisi ya kale. Mimi ninasema ameisoma vizuri kuliko wengi. Ameuliza ulizo ambalo Wagiriki hawakuuliza: na Danaë mwenyewe alitaka nini? Hivyo ndivyo hadisi inavyoishi. Msimulizi anapokea mifupa, anaweka nyama ya wakati wake.

3. Wale wanaolala kwa Hermes

Kambini kuna nyumba 12, kila moja ni ya mungu wake. Mtoto wa Ares anakaa kwa Ares, wa Athena kwa Athena. Lakini lazima kwanza mungu aonyeshe alama kwamba huyu ni wangu. Na miungu wengi hawaonyeshi. Wako na kazi, wamesahau, au hawajali. Watoto hao wanalala katika nyumba ya Hermes, kwa sababu Hermes ni mungu wa wasafiri na hamfukuzi mtu. Nyumba imejaa, wanalala chini, wanangoja alama ya baba au ya mama. Wengine wanangoja miaka.

Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha mabuku yote matano. Mazimwi na panga ni chumvi ya mboga. Mboga yenyewe ni mtoto anayengoja kutambuliwa. Na sitaficha jina la mwizi, kwa sababu bila yeye siwezi kueleza: mwizi wa radi ni Luke, mtoto wa Hermes. Baba yake amemtambua kwa jina, lakini hakumlea, hakumsaidia. Hasira hiyo ndiyo inamfanya auze wenzake kwa Kronos, baba ya Zeus, ambaye anataka kurudi na kuangusha miungu. Riordan hamwachi Luke awe mbaya tu. Anatuonyesha kwamba jeshi la adui limejaa watoto ambao hakuna mtu aliwaita kwa jina. Sisi tunaoishi Kivu tunajua namna jeshi linavyopata watoto.

Mwishoni mwa buku la tano miungu wanataka kumlipa Percy kwa kumfanya asife milele. Anakataa. Anaomba kitu kingine: waape kwamba kila mtoto wao atatambuliwa mbele ya kumaliza miaka 13. Wanaapa. Nimesoma vitabu vingi vya vijana ambamo shujaa anapewa ufalme, au dhahabu, au msichana. Shujaa anayeomba wengine watambuliwe na baba zao, huyo sikuwa nimemwona.

Niliuliza wanafunzi katika kalasi: “Ungekuwa kambini, ungekaa nyumba gani?” Wakapiga kelele: Zeus! Ares! Poseidon! Kijana mmoja wa nyuma, asiyesema mara nyingi, akajibu: “Mwalimu, miye ningelala kwa Hermes.” Wengine wakacheka, wakifikiri ni kwa sababu Hermes ni mungu wa wezi. Mimi ninajua kwamba kijana huyo anabeba jina la babu mzaa mama, na kwamba mtu ambaye anasemwa ni baba yake anapita njia ileile asubuhi bila kumsalimia. Siku hiyo nilielewa kwa nini kitabu hiki kimechoka namna hiyo.

Kuna jambo la lugha pia. Wafasiri wa Kifaransa wamewaita watoto hao Sang-Mêlé, damu iliyochanganyika. Katika Ufaransa ni neno la hadisi. Kwetu ni neno la historia. Wakati wa ukoloni, watoto wa metisi, ambao baba ni mzungu na mama ni Mkongomani, walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika misioni. Wengi baba zao hawakuwatambua. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya bunge. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilihukumu serikali ya Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano waliochukuliwa hivyo wakiwa watoto, na ikaita tendo hilo uhalifu dhidi ya utu. Wale mama watano walikuwa wazee walipopata neno hilo. Wao pia walilala kwa Hermes, na kiapo kiliwafikia nyuma ya miaka 70.

4. Pale kitabu kinapokosa

Nimesifu, sasa nikosoe.

Watu wengi wanalalamika kwamba Riordan amefanya miungu kuwa mchezo. Dionysus, mungu wa divai, amekatazwa kunywa, anashinda na kopo la soda. Ares anapanda pikipiki. Mlima Olympus uko juu ya jengo la Empire State, gorofa ya 600. Mimi siungani na walalamishi hao. Wagiriki wenyewe walicheka miungu yao. Katika Odyssey ya Homer kuna mwimbaji anayeimba namna Hephaestus alivyomnasa mke wake Aphrodite na Ares ndani ya wavu, na miungu wengine wakasimama mlangoni wakicheka. Kicheko si kosa.

Kosa liko kwingine, liko kwa Medusa. Ovid, mshairi wa Waroma, anasema kwamba Medusa alikuwa msichana mzuri, mungu wa bahari akamtendea kwa nguvu ndani ya hekalu la Athena (Waroma wanamwita Minerva), na yule mungu wa kike akaadhibu nani? Akaadhibu msichana. Nywele zake zikawa nyoka. Sasa, mungu wa bahari ndiye baba ya Percy! Mtoto anakutana na mwanamke ambaye baba yake alimharibia maisha, anamkata kichwa, anaendelea na safari. Katika buku la kwanza Medusa anaitwa tu mpenzi wa Poseidon wa zamani. Jambo zito limesafishwa mpaka halionekani.

Nitaambiwa: ni kitabu cha watoto, mwandishi angefanya nini? Ninakubali kwamba mtoto wa miaka 11 haambiwi kila kitu. Lakini kuna namna ya kusema bila kusema yote, na bibi zetu waliijua. Sisi wa Kivu hatuwezi kupita haraka mbele ya mwanamke aliyetendewa kwa nguvu, kisha yeye mwenyewe akafukuzwa kama mwenye kosa. Vipindi vya Disney vya mwaka 2023 vimejaribu kurekebisha: Medusa anapewa nafasi ya kusema uchungu wake mwenyewe. Hiyo inaonyesha kwamba upungufu ulikuwepo.

Upungufu huo si wa ukurasa mmoja. Mwisho wa mabuku ni wa namna moja nao. Miungu wanaapa kwamba kesho watatambua watoto. Vizuri. Lakini juu ya jana wanasema kidogo sana. Kuna mmoja anayelia kwa mtoto wake, lakini hakuna baraza linaloketi, hakuna mungu anayesimama mbele ya wote na kusema: nilikosa, nilifanya hivi na hivi. Kitabu kinamwomba baba atambue mtoto. Hakimwombi atambue kosa.

Kosa la pili ni lile la moto unaohama. Percy anauliza kwa nini miungu ya Ugiriki iko Amerika. Chiron anajibu kwamba miungu inafuata moto wa ustaarabu wa magharibi: ulianza Ugiriki, ukaenda Roma, ukapita Ujerumani, Ufaransa, Hispania, ukakaa sana Uingereza, na sasa uko Marekani. Kwa hadisi ni ufundi mzuri, kwa sababu bila hiyo Zeus hangefika New York. Lakini tusome kwa macho ya mwalimu wa historia. Maana yake ni kwamba miungu inahamia mahali penye nguvu. Na mahali nguvu ilipotoka, kunabaki nini? Katika mabuku hayo matano Mgiriki wa leo, anayelima mizeituni palepale, hana nafasi. Mtoto wetu akisoma hivyo anaweza kufikiri kwamba inchi isiyokuwa na nguvu haina hadisi tena.

Kwa haki lazima niseme kwamba Riordan hakufunga mlango. Mwaka 2018 alianzisha, pamoja na mchapishaji wake Disney, mfululizo wa mabuku wa Rick Riordan Presents, ili waandishi wa mataifa mbalimbali waandike wenyewe hadisi za watu wao. Katika mfululizo huo, mwaka 2019, Kwame Mbalia, Mmarekani mweusi, alitoa buku ambamo Anansi wa Afrika ya Magharibi anakutana na mashujaa wa watumwa wa Marekani. Riordan angeweza kuandika hayo yeye mwenyewe na kuuza. Aliacha wenye hadisi waseme. Ni heshima.

5. Mwindo, mtoto wa ngoma

Sasa nirudi nyumbani, na msomaji ataona kwa nini nimeandika haya katika kitabu cha mila.

Wanyanga wa Walikale wako na hadisi ndefu inayoimbwa, wanaiita karisi. Mwaka 1956 mwimbaji mmoja, Shekarisi Rureke, aliimba karisi ya Mwindo kwa siku 12. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliiandika, wakaitoa kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969, kule California.

Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba wazae wasichana tu. Mke wake mpendwa akazaa mvulana. Mtoto huyo akazaliwa anatembea, anasema, ndiyo maana anaitwa Kabutwakenda, aliyezaliwa na palepale akaenda. Baba akamtupia mkuki, ukamkosa. Akamzika, akatoka. Mwishoni akamtia ndani ya ngoma, akaitupa ndani ya mto.

Msomaji, rudi nyuma kidogo. Sanduku la Perseus baharini, ngoma ya Mwindo mtoni. Sitasema kwamba Wanyanga walichukua kwa Wagiriki, wala Wagiriki kwa Wanyanga. Ninasema tu kwamba kila taifa limeona baba anayeogopa mtoto wake, na kila taifa limejua kwamba maji hayamalizi neno hilo.

Ndani ya ngoma Mwindo anaimba. Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa maji. Kisha anarudi na wajomba kupigana na Tubondo. Baba anakimbia, anaingia kuzimu. Mwindo anamfuata huko, kama vile Percy anashuka kuzimu kumtafuta mama yake. Lakini tazama kinachotokea akimpata. Hamuui. Anamrudisha mpaka kijijini, watu wanakusanyika, Iyangura anashika neno kama shangazi anavyopaswa, na Shemwindo anasema kosa lake mbele ya wote. Anaeleza namna alivyomtenda mtoto. Nyuma ya hapo ndipo inchi inagawanywa, baba upande mmoja, mtoto upande mwingine.

Na haijaisha. Mwindo sasa ni mkubwa, amejaa kiburi. Anaua zimwi Kirimu, kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba, ambaye ni radi. Nkuba anashuka na kumbeba Mwindo juu, kule kwenye baridi, mvua na jua kali, mwaka mzima. Anafundishwa kwamba nguvu iko na mpaka. Anarudi akiwa mpole, anawawekea watu sheria za kuishi pamoja. Kwa Riordan radi ni kitu kinachoibwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Kwa Rureke, radi ndiyo inamwiba shujaa, na inamrudisha akiwa mtu mwingine.

Sipimi hadisi kwa kilo. Percy ana kitu ambacho Mwindo hana: sauti ya mtoto mwenyewe anayesema “mimi”, na kicheko kinachomvuta mwanafunzi mpaka ukurasa wa mwisho. Mwindo ana kitu ambacho Percy hana: baraza. Baba anatambua mtoto, na anatambua kosa, mbele ya watu, na shujaa pia anaadhibiwa akikosa. Mtoto wetu anastahili kusikia yote mawili.

Kumaliza

Basi, yule mama nilimjibu nini? Nilimwambia ukweli. Ndiyo, ndani ya kitabu kambi ya watoto inatupa sehemu ya chakula motoni kwa ajili ya miungu. Lakini Chiron mwenyewe anamwambia Percy kwamba hasemi juu ya Mungu Mmoja Muumba, hilo ni jambo lingine kubwa zaidi. Na sijaona mwanafunzi hata mmoja anayeomba kwa Poseidon. Nimeona wanafunzi wanaotafuta baba. Nikamwambia asimnyang'anye mtoto kitabu, amuulize usiku mmoja: katika hadisi hii unampenda nani, na kwa nini? Jibu litamfundisha mengi kuliko mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamsimulia na Mwindo pia, palepale kwenye veranda ya shule. Akasikiliza kuliko mbele, akacheka pahali pa ngoma, akanyamaza pahali pa baraza. Kisha akauliza: “Na huyo Mwindo, kitabu chake kiko wapi? Nimupatie mutoto.”

Hapo ndipo nilipata haya. Maktaba yetu ndogo haina Mwindo. Ninachokuwa nacho ni daftari langu la wakati wa masomo ya ualimu, na kurasa chache za fotokopi ambazo wino wake umeanza kufutika. Mtoto wa Kivu anaweza kupata Mwizi wa Radi, lakini hapati mtoto wa ngoma. Na hiyo si kosa la Riordan. Yeye alikaa kando ya kitanda cha mtoto wake, akasimulia, akaandika. Ni sisi ambao hatujaandika.

Kwa hiyo ninaleta ombi kwa chama chetu. Tuwatafute wanaojua karisi, tuombe ruhusa yao, tutoe Mwindo kwa Kiswahili chepesi, kitabu kidogo cha kurasa 60 hivi, bei ya daftari, kwa ajili ya kalasi ya saba na ya nane. Mimi nitajitolea kuandika sura ya kwanza na maulizo ya wanafunzi. Yule kijana wa nyuma nimemwomba asome kazi hiyo kwa sauti kadiri inavyoendelea, aniambie pahali anapochoka. Amekubali. Ameuliza neno moja tu: kama ni kweli kwamba mwishoni baba anasema mbele ya watu wote. Nimemjibu kwamba ni kweli, na kwamba ukurasa huo hatutaupunguza.